Dirii ya Pigo Zima

Bagnacavallo, siku tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, 1440

Kaka yangu Protaso,

Naanza na salamu zako, za wifi Franzina, za watoto, na za Mama, ambaye itabidi umsomee kwa sauti ya kuita ng'ombe. Sisi huku ni wazima. Ukungu umeshuka tangu wiki iliyopita na nguo hazikauki. Zanetta ameota meno mawili na kazi yake ni kuniuma. Mume wangu Galasso anakusalimu sana. Ile homa ya mabwawa iliyomlaza kiangazi cha mwaka juzi, kabla ya harusi yetu, haijarudi tena, na anakula kama watu wawili. Mchukuzi atakuletea samaki wetu wa mabwawa, mikunga ya kukaushwa kwa moshi. Safari hii mfungieni paka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi ilikuwa siku ya ukaguzi wa askari, na sisi wanawake tulisimama ukutani kuwatazama waume zetu. Tebaldo, mshika bendera, alikuja na dirii mpya kifuani, kutoka huko huko mtaani kwenu, yenye chapa mbili chini ya shingo. Mkewe Polissena alizunguka akiisifu kama fundi aliyeifua ni yeye. Halafu akamsogelea Galasso, akainama, akaitafuta chapa kwenye dirii yake, akaikuta moja tu. Akaniambia mbele ya watu wote, "Bi Orsina, kaka yako si ndiye fundi anayetajwa Milano nzima? Mbona kampa shemeji yake nusu pigo? Hiyo nusu nyingine anamwekea nani?" Wanawake walicheka, na wanaume wakajidai kutazama farasi.

Mimi namjua Galasso, aliumia. Ananiomba nikuulize maneno haya mawili, pigo zima na nusu pigo, yalitoka wapi na maana yake hasa ni nini, ili tuwe na la kuwajibu watu. Na anaomba, kama inawezekana, uibadilishe ile uliyotupa siku ya harusi, atumie ya pigo zima kabla vita havijaanza tena majira ya kuchipua.

Dada yako anayekukumbuka,
Orsina


Milano, wiki moja kabla ya Krismasi, 1440

Orsina dada yangu,

Mikunga ilifika salama. Paka hakuionja, ila Mama alijifungia nayo chumbani na sisi wengine tuliinusa tu mlangoni. Anauliza kila siku kama umeshajifunza kupika. Namwambia ndiyo, na dhambi hiyo utanibebea. Franzina ana mimba tena, na mwanangu mkubwa ameanza kushika nyundo, bado anapiga vidole zaidi kuliko chuma.

Umenichekesha. Unaniuliza neno ulilolijua kabla hujaacha kunyonya. Nani alikuwa akikimbia kuokota mishale iliyopinda chini ya mti wa majaribio, Baba akipiga kelele kwamba utatobolewa jicho? Lakini kwa kuwa anayeuliza ni shemeji, namjibu yeye, nawe umsomee.

Shemeji, zamani za babu yetu fundi alikuwa anauza kwa kiapo tu. Babu alikuwa akisimulia kwamba alikuja askari mmoja wa Bergamo (siku nyingine alikuwa wa Cremona, Babu hakujali), akakamata dirii nzuri, akauliza kama inazuia mshale. Fundi akaapa kwa watakatifu wote anaowajua. Askari akamwambia, "Watakatifu wako sitawavaa mimi. Ivae wewe, nami nirudi nyuma nikupige, kisha tuzungumze bei." Fundi akakataa, na askari akavuka barabara akanunua kwa jirani. Tangu hapo, alisema Babu, mtaa mzima ukaanza kuitundika dirii kwenye mti na kuipiga mshale mbele ya mnunuzi. Kama ni kweli sijui, lakini kazi tunaifanya hivyo hadi leo. Ikibonyea bila kutoboka, tunagonga chapa. Na pale palipobonyea hatupanyooshi wala hatupasugui, ndiyo ushahidi wenyewe. Mtu akikuuzia dirii laini kama yai, akakuambia ni ya pigo, mrudishie.

Kwa hiyo pigo linalotajwa si lile utakalopigwa vitani. Ni lile ambalo dirii imekwisha kupigwa. Watu wengi wa nje hawalielewi hili, nao ndio wanaozungumza sana.

Na nusu si nusu ya kazi wala nusu ya mapenzi. Tuna pinde mbili. Ule mkubwa unavutwa kwa roda, gurudumu la kamba, mtu akitoa jasho, na dirii inayouvumilia inapata chapa mbili na kuitwa ya pigo zima. Ule mdogo unavutwa kwa kulabu ya mkanda, na dirii yake inapata chapa moja. Nusu ni ya upinde. Hiyo ya chapa mbili ni nene na nzito, na uzito wenyewe huuoni dukani, unauona saa ya tatu juu ya farasi, jua likiwaka. Mwambieni Bi Polissena ambebee mumewe ya kwake kuzunguka kanisa mara moja, halafu atucheke.

Shemeji, nakwambia kwa upendo, baki na uliyo nayo. Ndiyo inayokufaa. Mume wa dada yangu nisingempa kisichomfaa.

Ndugu yenu,
Protaso


Bagnacavallo, siku ya Mtakatifu Agnese, Januari 1441

Kaka,

Salamu kwa wote, na Mungu amfikishe wifi salama. Zanetta anasimama akishika kiti. Nilimsomea Galasso ile hadithi ya askari wa Bergamo, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini hatucheki sana huku. Kabla ya Krismasi watu wetu walikutana na wa upande wa pili kwenye daraja, wala haikuwa vita, walikuwa wanagombania ng'ombe tu. Ughetto, kijana aliyekuwa akilala chumba cha chini nyumbani kwetu, alipigwa mshale kifuani. Dirii yake ilikuwa na chapa moja, Protaso. Mimi ndiye niliyemvua. Mshale ulikuwa umepita kwenye chuma, bitana na shati, ukakaa ndani. Nimezaliwa katika nyumba ya dirii na sikuwahi kuona kitu hicho.

Tangu siku hiyo Galasso akiivaa yake mimi natazama chapa. Unaniambia habari za uzito. Mume wangu ana mabega ya maksai, siku ya harusi ulimwona mwenyewe. Unasema hiyo ndiyo inayomfaa. Inamfaa kwa nini? Ni mtu mdogo kuliko Tebaldo? Niambie sababu na mimi nitanyamaza.

Orsina


Milano, siku ya Kubariki Mishumaa, Februari 1441

Orsina mpenzi,

Poleni na msiba wa Ughetto. Franzina amemwashia mshumaa. Hapa baridi ni kali, maji ya kuzimishia chuma yanaganda ndani ya pipa na asubuhi tunayapasua kwa nyundo.

Sikulaumu kwa kuogopa. Upinde mkubwa ukikupiga kwa karibu, chapa moja haitoshi, siwezi kukudanganya. Lakini nimeyapima yote, na nilipompa Galasso ile dirii nilikuwa nimefikiri kuliko unavyodhani. Unataka sababu. Sitakuambia, na usidhani ni kwa kuwa sijui au sina. Muulize Galasso mwenyewe kama anaitaka ya pigo zima. Akinitumia neno lake mwenyewe, nitawasha moto siku hiyo hiyo.

Protaso


Bagnacavallo, katikati ya Machi 1441

Protaso,

Sote wazima. Theluji imeyeyuka na njia zinapitika, kwa hiyo askari wataondoka hivi karibuni.

Nilisubiri sababu ukaniletea fumbo. Basi sababu nitaisema mimi. Baba alipokufa uliachiwa nyumba, tanuri na jina, na mimi nikaachiwa kuolewa mbali. Ulipofika wakati wa kunitoa, ulitazama kilichokuwa ukutani ukachukua chepesi. Ulitupima kwa upinde mdogo, kaka, mimi na mume wangu. Baba angekuwa hai angenipa ya pigo zima bila kuulizwa, na angevuta roda kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na mgongo wake ule mbovu.

Nikirudi hapo mlangoni na nguo nyeusi na mtoto mkononi, usije ukaniambia habari za uzito.

Orsina


Milano, wiki baada ya Pasaka, 1441

Dada,

Franzina amejifungua mtoto wa kiume. Tumempa jina la Baba. Mama anakusalimu.

Dirii iko njiani, kwa wachukuzi wa nyumbu wanaopitia Bologna, imefungwa kwa majani makavu na turubai. Nimeifua mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna mfanyakazi aliyeigusa. Roda nimevuta mwenyewe pia. Imebonyea kidogo upande wa kushoto, juu ya moyo. Ina chapa mbili. Polissena atatosheka, natumaini na wewe.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwambie Galasso wazi kwamba ni wewe uliyeitaka, si mimi niliyeamua. Mwambie hivyo hivyo, Orsina, usiongeze wala usipunguze. La pili, ile ya zamani asiiuze wala kuigawa. Aiweke karibu. Akiona hii mpya haimkai, airudishe, nami sitauliza neno.

Yale uliyoyaandika juu ya Baba nimeyasoma mara moja. Sitayasoma tena.

Protaso


Bagnacavallo, siku ya Mtakatifu Maria Magdalena, Julai 1441

Kaka yangu,

Leo sina salamu za furaha za kukupa. Galasso amekufa. Tumemzika Jumanne.

Walikuwa wanavuka mto Lamone pale kwenye kivuko cha ng'ombe, na unajua mwezi huu mto huo ni wa kuvua viatu tu na kuvuka. Adui walikuwa mbali, wakirusha mishale ambayo haikufika hata kwa farasi wa mbele. Joto lilikuwa la kuyeyusha nta na walikuwa wamevaa dirii zao tangu alfajiri. Farasi wa Galasso aliteleza akaanguka. Tebaldo alikuwa nyuma yake, na yeye ndiye aliyekuja kunieleza, akilia bila kujificha. Anasema Galasso alisimama, maji yakimfika magotini. Akatembea kidogo kuelekea ukingo. Kisha akaketi kwenye maji kama mtu aliyechoka anayetaka kupumzika, akamwashiria Tebaldo kwa mkono kwamba apite, anakuja. Waliporudi kumwinua walihangaika na mikanda. Walipoifungua alikuwa ameshakwenda.

Hakuguswa na mtu. Wameniletea dirii na nimeigeuza mbele na nyuma. Haina mkwaruzo. Kovu ni lile moja tu, ulilolipiga wewe Milano.

Wenzake wanasema ni pumzi, kwamba tangu ile homa hakuwa na pumzi, na mmoja anasema alimwona mara nyingi akijificha nyuma ya zizi baada ya mazoezi, ameshika mbavu. Mimi nimelala ubavuni mwake zaidi ya miaka miwili. Nilimsikia akikohoa na nilidhani ni ukungu. Protaso, wewe ulijua nini?

Orsina


Milano, mwisho wa Septemba 1441

Orsina, dada yangu,

Nimeanza barua hii zaidi ya mara moja, na kila mara nimeitia kwenye tanuri. Usidhani sikulia. Mama tumemwambia, na kwa mara ya kwanza alisikia bila kurudiwa. Tumemwombea misa.

Nakujibu ulichouliza. Siku moja kabla ya harusi yenu, wakati wewe na Franzina mkihangaika na shela, Galasso alikuja karakanani peke yake. Nilikuwa nimeshamwandalia dirii ya pigo zima, Orsina. Ilikuwa ukutani, nzuri kuliko zote nilizowahi kufua, ya kukufuta machozi ya kuolewa mbali. Aliivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, kisha akashika fuawe la kugongea chuma kwa mikono miwili na midomo yake ikabadilika rangi. Alipoweza kusema aliniambia kwamba homa ile ilimwacha na kifua cha mzee. Aliniomba nimpe ya chapa moja, na nimwapie kwamba sitamwambia mtu, na wewe hasa. Kamanda akijua, angemfukuza kikosini. Na juu yako alisema, "Akijua ataniangalia kama mgonjwa, na mimi nataka aniangalie kama nilivyo." Nikampa mkono. Ile ya ukutani niliiuza wiki hiyo hiyo ili usiione.

Kwa hiyo nilikaa nikitukanwa na wewe kwa barua, na mdomo wangu umefungwa. Ningeweza kuendelea kukataa. Ni lile neno la Baba lililonishinda. Nilikasirika, nikawaka moto pamoja na tanuri, nikasema basi na uipate, unyamaze. Nilipoituma nilijituliza kwa jambo moja, kwamba Galasso anajijua kifua chake. Nilijua ataiona, atakuambia asante, ataitundika ukutani mwenzako Polissena aione, na siku ya kazi atavaa ya zamani. Ndiyo maana nilikuomba umwambie kwamba si mimi niliyeamua.

Hapo ndipo akili yangu inapogota usiku na mchana. Alikuwa ameivaa mbele yangu akashindwa kusimama. Alikuwa na ile nyingine chumbani. Aliivaa hii kwa nini?

Protaso


Bagnacavallo, siku ya Mtakatifu Luka, Oktoba 1441

Kaka yangu Protaso,

Nakusalimu wewe, Mama, wifi, na mtoto mwenye jina la Baba. Zanetta anatembea. Bi Polissena huja kila Ijumaa na mkate, anakaa nami. Nitakapokuwa na nguvu nitamshukuru vizuri, kwa sababu anajitahidi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi sakafuni. Unauliza kwa nini aliivaa. Ninalo jibu, na kabla ya kusoma barua yako nilikuwa nalo bila kulijua.

Galasso hakunituma nikuombe chochote. Siku ile ya ukaguzi alikicheka kile kichekesho cha Polissena njia nzima hadi nyumbani. Aliyeona haya ni mimi, na baada ya Ughetto aliyeogopa ni mimi. Uliponiambia nimuulize mwenyewe, sikumuuliza, kwa sababu nilijua atasema anaridhika na yake. Na dirii ilipofika sikumwambia ulivyoniagiza. Niliona akijua nilikuombaomba na kukutukana ataaibika, ataifunga airudishe. Nikatafuta maneno ya kumfanya aipende. Nikamwambia, "Protaso amekutumia mwenyewe, hakuombwa na mtu. Anasema ndiyo inayokufaa sasa."

Alikuwa ameishika mikononi. Aliiweka mezani, akaniuliza, "Protaso kasema hivyo? Mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, "Hukumwandikia wewe?" Nikaapa.

Akaitazama. Halafu uso ukamchanuka, Protaso, sijawahi kumwona na uso ule, hata kanisani siku ya harusi. Akavuta pumzi, ndefu, kama anayeijaribu. Akasema, "Kama Protaso ameona naiweza, basi nimepona."

Nilidhani anazungumzia maneno ya Polissena. Nikacheka naye, nikamfunga mikanda.

Orsina